Poda za kuzeesha maketi za kijana mmoja wa Majengo, Goma, nimezitumia miezi minne

Bon, nilisema nitaandika nikisha kuzijaribu vizuri, na sasa miezi minne imepita, vikopo viwili vimekwisha kabisa na kimoja nilikirudisha, basi naona naweza kuongea.

Kwa yule asiyejua hizi poda ni za nini: ukisha kujenga maketi ya gari, yaani gari ndogo ya mfano, na kuipaka rangi, inakaa kama imetoka kiwandani leo asubuhi, safi, haina hata tone la tope. Hapa Goma nani ameona Fuso ya namna ile? Njo maana watu wa maketi wanatumia poda laini za rangi, unaisukuma kwa pinso (brashi ya rangi) kwenye kona, chini ya milango, kwenye matairi, kwenye bomba la moshi, mpaka gari ionekane imefanya kazi. Vumbi, tope, kutu, masizi. Kazi ni hiyo tu lakini njo inafanya mtu asimame aangalie mara ya pili.

Mimi nilianza na za dukani. Hispania njo wanazitengeneza sana, Vallejo, AK Interactive, AMMO, zote za kule, na Tamiya ya Japani iko na zake kwenye kiboksi kama cha vipodozi vya akina mama, rangi tatu na kisponji chake. Ni vitu vizuri sana, ukishika poda yao kati ya vidole ni kama hujashika kitu. Shida yangu nazo ni mbili. Ya kwanza kuzifikisha hapa: mitungi miwili ya 35 ml iliniponyoka dola 31 pamoja na usafiri, na mmoja ulifika umepasuka, poda yote imejaa ndani ya karatasi, niliwaandikia wale waliouza hawakunijibu mpaka leo. Ya pili njo kubwa zaidi, ni rangi yenyewe. Majina peke yake yanakuambia, vumbi la Ulaya, ardhi ya Vietnam, udongo wa Kursk, ni rangi za watu wanaojenga vifaru vya vita, na kwa hiyo kazi ziko sawa kabisa. Lakini sisi tumekaa juu ya lava. Nyiragongo, mlima wetu wa moto, ilimwaga tarehe 17 Januari 2002 ikapita katikati ya mji, ikarudi tena 22 Mei 2021 ikafika Buhene pembeni ya mji, na njia zetu, kuta zetu, viwanja vyetu, vyote ni lile jiwe jeusi linalosagwa na matairi kila siku. Likiloa ni jeusi kama makala, yaani makaa. Likikauka, mwezi wa saba hivi, linageuka kijivu chenye weupe kwa mbali, na linashika kila kitu, nguo kwenye kamba, majani ya migomba, mboga za lenga-lenga za mama anayeuza kando ya barabara. Ile rangi haiko kwenye mtungi wowote niliowahi kununua. Nilichanganya nyeusi na nyeupe mara ngapi sijui, kila mara inatoka rangi ya simenti.

Na mimi nilikuwa naihitaji ile rangi sana. Baba yangu alikuwa dreva wa Fuso njia ya Sake na Masisi, akipanda na bidhaa akishuka na viazi na maharagi na makala, na tangu ametutoka nimekuwa nikiijenga ile gari kwa 1/24, yaani ndogo mara 24 kuliko ya kweli, kabini kwa plastiki, karoseri ya mizigo ya mbao nyembamba, turubai kwa karatasi iliyolowekwa kwenye gundi. Nilitaka irudi vile ilivyokuwa inaingia kwenye parsele yetu jioni, na ilikuwa inaingia na vumbi la njia nzima, si la simenti.

Sasa mwenzangu mmoja njo alinionyesha kopo ndogo ya dawa imeandikwa kwa kalamu juu ya plasta: LAVA. Nikafungua, nikatia kidole, nikasugua kwenye karatasi. Ilikuwa ni barabara yetu. Nikamuuliza umeipata wapi, akasema kuna mdogo mmoja Majengo anazitengeneza nyumbani kwao.

Nilienda mwenyewe. Sitaweka jina lake hapa, yuko bado anasoma na hataki watu wajae kwa mama yake, lakini watu wa maketi wa Goma si wengi, ukiuliza utamfikia. Seti ni vikopo sita, dola 9, au dola 2 kopo moja, franka pia anapokea. Kila kopo ni zile za vidonge za famasi, anazijaza mpaka karibu ya shingo. Majina ni Lava, Kiangazi, Tope, Bukavu, Kutu na Makala. Nilimwomba anionyeshe vile anafanya na hakuficha kitu, akanivutia kiti akasema "yaya, kaa hapa, ila usikae upande wa upepo" (yaya kwetu ni ndugu mkubwa).

Lava njo inachukua kazi kubwa. Anaokota changarawe nyepesi zile zenye vitundu vitundu, juu lava nzito haisagiki kwa mkono, anazitwanga kwenye kinu ya chuma, kitambaa kimefunga pua na mdomo, na anafanya nje kabisa, batoto wako mbali. Hilo nalisema kwa nguvu: hii si unga wa mihogo, ni vumbi la jiwe, likiingia kwenye mapafu halitoki kirahisi, usilisage ndani ya nyumba na usilisage bila kufunga pua. Akisha kutwanga anachekecha kwa soksi ndefu za nailoni za akina mama. Watu wengi wanaishia hapo, na hapo njo poda ya nyumbani inaharibika, juu ukipiga hesabu utaona: chembe ya nusu milimita, ambayo inapita kwenye chujio la chai bila shida, kwenye maketi ya 1/24 ni jiwe la milimita 12. Yaani umepaka kabini ya Fuso kokoto. Macho hayajui hesabu lakini yanajua kitu hakiko sawa.

Yeye haishii hapo. Anamimina ule unga kwenye ndoo ya maji, anakoroga kwa nguvu, halafu anahesabu mpaka 60, kwa sauti, sikumwona akiharakisha hata mara moja. Kisha anainamisha ndoo polepole na kumimina yale maji machafu ya juu kwenye sufuria ya pili, anaacha mchanga uliozama chini. Zilizo nene zimeisha zama ndani ya ile dakika moja, zilizo laini bado zinaelea, njo hizo anataka. Sufuria anaifunika, inalala, asubuhi maji yako juu safi na chini kuna tope laini kama mafuta ya kujipaka. Anamwaga maji, anaanika lile tope kwenye sahani chini ya kitambaa, likikauka linakuwa kama kigae chenye nyufa, analivunja kwa kijiko, anapitisha tena kwenye soksi. Nilichukua kidogo nikasugua kwenye ukucha wa kidole gumba, ikabaki pale kama kivuli, haina hata chembe moja ya kukwaruza. Na uelewe maji yanatoka wapi, kwao bomba haitoki kila siku, ni bido za lita 20, kwa hiyo kila kopo ya Lava ndani yake kuna maji yaliyobebwa. Kwangu dola 2 si ghali.

Kiangazi ni ile Lava pamoja na chaki nyeupe ya shule iliyosagwa, vipimo vyake hakuniambia na sikumsukuma. Hii njo rangi ambayo nilikuwa naitafuta miaka mitatu. Tope ni udongo wa kahawia na Lava, iko vizuri, inafanya kazi yake. Makala ni makala, unajua mwenyewe, ila chukua kwa ncha ya pinso tu, ukizidisha inapanda mpaka mahali hukuipeleka na haitoki.

Bukavu ni udongo mwekundu ambao ndugu yake anamletea kwa boti, na hapa nilijifunza kitu. Udongo mwingine anaoletewa unakuwa wa manjano, si mwekundu, basi anautandaza kwenye kipande cha bati juu ya mbabula (jiko la makala) na unageuka. Nilikaa nikaangalia. Kando ya bati ilianza kwanza, manjano ikawa rangi ya chungwa, ikaenda mpaka nyekundu ya tofali, na katikati ikafuata polepole. Ile manjano ni aina ya kutu iliyofunga maji ndani yake, ikipata moto wa kama digrii 250 mpaka 300 maji yanatoka na inabaki ile nyekundu. Akiondoa bati mapema anapata rangi ya katikati, anaiweka pembeni kwa kutu mpya ya milango. Mtu anayejua kufanya hivi kwa jicho, bila mashine, ni fundi, umri wake hauna maana.

Sasa tufike kwenye Kutu, juu hapa njo nilikuwa na malalamiko.

Kopo ya kwanza ya Kutu ilikuwa na rangi nzuri kupita zote. Kutu ya kweli, ametoa kwenye nyuzi za chuma za kusugulia sufuria, anazilowesha siki na chumvi, anaziacha zishike kutu, anakausha, anasaga. Niliiweka kwenye rimu za magurudumu na kwenye bawaba za karoseri, nikafurahi. Wiki ya sita hivi, tuko kwenye mvua, nikaona kwenye rimu vidoti vyeupe, vidogo kama punje za sukari. Nikafuta, vikarudi. Nikafungua kopo, poda imeshikamana imekuwa bonge. Ni chumvi. Chumvi ilibaki ndani ya poda, inavuta unyevu wa hewa, inayeyuka, ikikauka inatoka juu nyeupe. Rimu mbili za nyuma nilizikwangua na kupaka upya, usiku wawili wa kazi, na niliumia juu zile rimu nilizitengeneza moja moja kwa vifuniko vya tyubu.

Nilirudi kwake na kopo na ile rimu mkononi. Nashukuru hakubishana. Aliishika kwenye mwanga, akaonja ile poda kwa ncha ya ulimi (mimi nisingefanya hivyo), akasema "kweli yaya, chumvi iko". Alikuwa anaosha mara moja tu. Sasa anatumia siki peke yake, anaziacha zile nyuzi siku kumi badala ya tatu, na anaosha mara tatu. Alinipa kopo mpya bure na akachukua nyingine tatu alizokuwa amezipanga kuuza akazirudisha kwenye maji mbele yangu. Kopo mpya iko kwangu wiki nane, tumepita mvua nyingi, haijashikamana. Kama ulinunua Kutu kwake zamani na imekuwa bonge, usiitumie, irudishe atakubadilishia. Na kama unajitengenezea mwenyewe nyumbani kwa siki, tafadhali usiwaze kuongeza javeli (dawa ya kung'arisha nguo nyeupe) ili kutu itoke haraka, siki na javeli vikikutana vinatoa gesi ya klorini, hiyo ni sumu.

Vifuniko pia havijanifurahisha. Ni vya kubana tu, havina uzi, na moja ilifunguka kwenye begi nikiwa kwenye moto (pikipiki) kutoka Majengo kwenda Himbi, lile begi mpaka leo lina Makala kwenye kila mshono. Nimemwambia atafute za kufunga kwa kuzungusha. Kwa sasa zungushia plasta kabla hujaondoka kwake.

Kuhusu kuzitumia, haya ni yale yaliyonitokea mimi. Rangi ya chini lazima iwe isiyong'aa kabisa. Kwenye rangi inayong'aa poda haina mahali pa kushika, inateleza, unapuliza inaenda. Mimi napiga vernisi ya mati, isiyong'aa, kwanza, naacha siku nzima, ndipo naweka poda kavu kwa pinso laini, nagusa gusa kwenye kona, sisugui. Kisha nachukua alkoli ya famasi ya asilimia 90 kwenye pinso nyingine, naigusisha pembeni tu mwa poda, inanyonywa yenyewe inaenda mpaka mwisho. Hapo moyo utashtuka, kila kitu kitakuwa cheusi kama barabara imenyeshewa, usiongeze kitu, subiri. Dakika kumi rangi inarudi. Nilijaribu maji badala ya alkoli, yanaacha alama ya ukingo kama ukuta uliovuja. Na kosa lililoniuma ni kupuliza vernisi juu ya Kiangazi ili isitoke: ile weupe wote ulikufa, ikawa Tope. Kwa hiyo Kiangazi naiacha na alkoli peke yake na gari haishikwi kwenye mabawa, inashikwa chini ya chasi.

Vioo vya kabini vizibe kwa skochi kabla. Lava ni ngumu kuliko plastiki, ukiifuta kwenye kioo inachora, na mchoro ule hautoki.

Kitu kilichonionyesha hizi poda zinaweza nini haikuwa Fuso, ilikuwa chukudu, ile skuta ya mbao ya kubebea mizigo. Nilijenga moja ya kuweka kando ya gari, chukudu ya mita 2 kwa 1/24 inakuwa sentimita 8 na kidogo, mbao ya kweli, magurudumu yamezungushiwa mpira wa tyubu ya baiskeli uliochanwa, na kipande cha kandambili pale ambapo mtu anaweka goti. Nikaipakia magunia matatu ya makala. Nilisimama kwanza pale chukudu zinaposhukia na mizigo nikaangalia za kweli zinachafuka wapi, na si kila mahali. Kwenye usukani, pale mikono inashika, mbao iko safi inang'aa kwa jasho. Pale goti linakaa pia. Chini ya magunia kuna weusi unaoshuka kama maji, na magurudumu yana Lava mpaka kwenye ekseli, hapo inashikana na mafuta machafu inakuwa kama gundi. Basi nikaweka Makala chini ya magunia tu, nikaivuta chini kwa alkoli, Lava kwenye magurudumu na tone la mafuta ya rangi nyeusi kwenye ekseli, Kiangazi kwenye ubao wa kusimama, na usukani nikauacha bila kitu, nikausugua kwa kidole changu mwenyewe mpaka ung'ae. Mama yangu alipita, akainama, akauliza "hii ya nani, iko inakwenda Kahembe?" Kisha akaiangalia Fuso. Akaweka kidole kwenye bawa la mbele, pale baba alikuwa anapanda akikanyaga, na kidole kikatoka na vumbi. Hakusema kitu. Lile alama la kidole nimeliacha.

Nani asinunue: kama unajenga ndege za 1/72, Lava na Bukavu bado ni nene kwako, kwenye 1/72 hata chembe ya 0.05 mm ni jiwe la zaidi ya milimita 3, hapo poda za Hispania zinamshinda bila ubishi. Kama unajenga vifaru vya jangwani pia hana rangi yako, udongo wa manjano ambao haujachomwa anaweza kukuuzia lakini hauna upole ule unaotakiwa. Lakini kama unajenga gari za kwetu, Fuso, Land Cruiser, Hiace, moto, nyumba za mbao zenye bati la kutu, chukua seti nzima, na Kiangazi chukua mbili.

Kwa pointi, Lava na Kiangazi nawapa 10 juu ya 10. Bukavu na Tope 8. Makala 7, juu unaweza kujisagia mwenyewe. Kutu ya zamani 3, Kutu mpya naipa 9 kwa sasa. Vifuniko 2. Yeye mwenyewe, vile alivyopokea kosa lake, nampa zaidi ya vyote.

Mkienda nendeni wakati jua limewaka siku mbili tatu mfululizo, juu kwenye mvua sahani zake hazikauki na atakuambia urudi wiki ijayo, na mbebee bido moja ya maji kama unaweza. Mimi narudi Jumamosi, amesema anajaribu rangi ya majivu ya mbao yaliyooshwa kwa ajili ya kuta za nyumba za zamani, ameshaziosha mara nne na bado zinateleza kama sabuni kwenye vidole, anataka niangalie.